Kamshafti Kali

Manariyo alikaa Kigoma muda mrefu mpaka akasahau kwamba yeye ni mgeni, na kusahau huko ndiko kulikomponza.

Alikuja mwaka wa sabini na mbili, bado mtoto wa kuchunga mbuzi, amelala chali ndani ya mtumbwi chini ya mikeka. Walitoka Rumonge, ng'ambo ya mpaka, yeye na shangazi yake, wakashukia Kagunga pamoja na watu wengine waliokimbia kuuawa. Wenzao waliofuata utaratibu waliandikishwa, wakapelekwa mbali kufyeka pori na kuanza maisha upya. Shangazi hakutaka pori. Alikuwa na ndugu yake Ujiji, mwuza mawese, akajibanza kwa huyo ndugu, na mtoto akajibanza kwa shangazi. Hakuna aliyewauliza kitu. Kigoma ya siku zile haikuwa na tabia ya kumhoji mtu alikotoka, maana nusu ya mji ilitoka ng'ambo, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana bila mkalimani.

Alipopata nguvu za kubeba jeki alijisogeza kwa Mzee Nikodemu, fundi wa reli aliyekuwa amestaafu, akajifunza injini kwa kupigwa makofi ya kisogo. Mzee alipofariki, Manariyo alijenga kibanda cha mabati Rusimbi kando ya barabara ya Ujiji, akachimba shimo la kuingilia chini ya magari, akawa fundi. Akamwoa Agnesi, binti wa Kiha wa mtaa ule ule, mwenye macho makubwa na mdomo usiolala. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Inamahoro, jina la kwao baba. Mtu huyo alikuwa na mke, mtoto, nyumba, shimo la gereji na nafasi yake kanisani. Cheti kinachosema yeye ni nani hakuwa nacho, wala hakuwahi kukitafuta, kwa sababu kila aliyemhitaji alijua pa kumpata.

Vita ilipowaka tena kwao, mwaka wa tisini na tatu, watu walianza kushuka upya kwenye fukwe za ziwa, wengine na magodoro, wengine mikono mitupu. Agnesi aliwapikia uji. Manariyo aliwapangia mafungu ya kuni nyuma ya gereji, na jioni alikuwa akimwambia mkewe, "Wakimbizi hawa wanatia huruma." Agnesi hakumjibu kitu. Mwanamke mwenye mdomo kama ule kunyamaza ni jambo la kuangaliwa, lakini Manariyo hakuangalia.

Miaka ikasogea, watu wakazidi, na huruma za wenyeji zikapungua kidogo kidogo. Ndipo yakaanza maneno kwamba wote waliotoka ng'ambo, wa jana na wa juzi, watakusanywa na kupelekwa kambini, upande wa Kasulu. Kwanza yalikuwa maneno ya kisimani. Baadaye yakawa maneno ya kwenye kipaza sauti. Manariyo alisikia akiwa chini ya gari, akasema, "Safari hii wanawaonea wale wapya." Mkewe alikuwa amemletea chakula. Aliinama akamtazama kule shimoni.

"Baba Inamahoro," alisema, "wewe umezaliwa wapi?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Ilimwingia ikakaa, na haikutoka tena.

Ilisemekana kulikuwa na njia moja tu. Mwenyeji anayeaminika, mwenye heshima zake mjini, akija mwenyewe mbele ya maofisa na kusema "huyu namjua, ni wetu," anayesemewa huachwa. Neno la mke halikutosha, maana kila mke angesema hivyo. Agnesi alitaja majina yote aliyoyajua, akayachambua moja moja kama mchele, akabaki na jina moja: Pastory.

Pastory alikuwa mfanyabiashara wa samaki pale Katonga. Alikuwa na vipe, mitumbwi ile ya kuvulia dagaa, alikuwa na lori, na alikuwa na Pijo nyeupe aliyoipenda kuliko hivyo vyote. Alicheza bao na wakubwa wa mji. Alikuwa mtu wa kelele lakini hana roho mbaya, na tangu aje Kigoma hajawahi kumpelekea gari fundi mwingine. Kwa damu alikuwa Muha kama Agnesi, ila alilelewa Mwanza, baba yake alikokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Hilo la Mwanza lishikeni, maana lina kazi yake.

"Mwombe Pastory," alisema Agnesi.

"Nitamwomba."

"Lini?"

"Vitu vya namna hii haviendi kwa haraka, Mama Inamahoro."

Siku chache baadaye Pastory mwenyewe akafika gereji, anacheka kabla hata ya kushuka. Alifungua buti ya Pijo akatoa gunia lililoloa oili. Ndani yake mlikuwa na vyuma viwili virefu, kila kimoja kina matuta matuta ubavuni. Zilikuwa kamshafti. Alizinunua kwa mtu mmoja aliyevuka ziwa, ambaye huko Bujumbura alikuwa akifanya kazi kwenye gereji ya magari ya mashindano. Watu wakikimbia hubeba vitu vya ajabu. Mwingine hubeba picha ya harusi, huyu alibeba kamshafti.

"Fundi," alisema Pastory, "nifungie moja. Nataka gari iende."

Manariyo alizifuta kwa kitambaa, akazilaza kwenye benchi, akatoa na kipimo. Kwa muda ule mfupi alisahau hofu yake. Moja ilikuwa imezidi kidogo tu ile ya kiwandani, matuta yake yameinuka kiasi. Nyingine ilikuwa kali. Matuta yake yalikuwa mapana na marefu, ya gari lililotengenezwa lote kwa ajili ya mbio, toka pistoni mpaka bomba la moshi.

"Chukua hii pole, bosi," alisema.

"Kwa nini hiyo? Hiyo nyingine si ndiyo kubwa?"

"Ego, ndiyo, ni kubwa. Lakini tazama." Manariyo alizungusha chuma kwa vidole. "Kazi yake ni kufungua valvu, hewa na mafuta viingie. Hii kali inaziacha wazi muda mrefu. Injini ikiwa kwenye mbio, sawa, inajaza vizuri. Ikiwa taratibu, inachovuta inakirudisha. Inakula na kutapika. Na wewe ndani kila kitu ni kile kile cha kiwandani, kabureta ile ile, pistoni zile zile. Ukileta mkali mmoja kwa wapole wengi, hawaelewani."

"Kwa hiyo haitaenda?"

"Kwenye lami tupu itaenda sana. Kwenye mwendo mdogo haina nguvu. Ukiwa na mzigo, au ukipanda mlima na kuna mtu mbele yako anakuzuia, utaona. Hii pole itakusaidia kila mahali."

Pastory alicheka. "Mlima? Nani kakwambia napanda mlima? Mimi naenda Ujiji na kurudi. Na huyo mwenye Datsun anayenipita pale kona, nataka asikie kwanza, halafu aone vumbi."

Manariyo alifungua mdomo. Alikuwa na la kusema, na la kweli. Angeweza kusema, bosi, mimi kamshafti hii siifungi, kama ambavyo Mzee Nikodemu angesema bila hata kuinua kichwa. Lakini kabla hajasema aliona uso wa Pastory umeanza kukunjana, uso wa mtu aliyekuja na furaha yake akakuta inamwagiwa maji. Manariyo alimkumbuka Agnesi akiinama juu ya shimo. Alimkumbuka mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama.

"Wewe ndiye mwenye gari, bosi," alisema.

"Hapo sasa," alisema Pastory.

Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, na hicho ndicho kinachouma. Alivua redieta, akafungua mbele ya injini, akainua silinda hedi, akatoa kamshafti ya zamani, akaingiza ile kali na kupanga taimingi mpaka ikakaa sawasawa. Kosa la kufunga halikuwepo. Kosa lilikuwa moja, nalo lilikaa ndani ya kazi safi ambapo hakuna ambaye angeliona.

Alipoiwasha, Pijo haikutulia. Gari la kawaida likiachwa bila kukanyagwa mafuta hunguruma polepole mahali pamoja, lakini hii ilitetemeka, ikapiga kwa kuruka ruka, bodi nzima ikawa inatikisika. Fundi yeyote angesema ni mbovu. Pastory alisimama pale, mikono kiunoni, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Watu walitoka madukani. Wauza dagaa waliweka beseni chini. Aliondoka nayo kuelekea Ujiji, na kwenye lami ile tupu iliruka kweli kweli. Jioni ile mji mzima ulikuwa na habari moja tu, kwamba Manariyo wa Rusimbi ana mkono wa dhahabu. Alipongezwa njiani na watu asiowajua, na kila pongezi ilimwongezea hofu.

"Sasa nenda ukamwombe," alisema Agnesi. "Leo amefurahi. Nenda leo."

Manariyo hakwenda mikono mitupu. Hapa inabidi tuwaelewe watu wa kwao. Kwao mtu haendi kwa mkubwa akabwaga shida yake mlangoni. Unatanguliza mtungi wa pombe ya ndizi, na siku ya mtungi huombi kitu. Mwenyeji atakuuliza kilichokuleta, nawe utasema umekuja kusalimia. Yeye, kama amelelewa, anajua kwamba unadanganya kwa adabu, kwa hiyo anakunywa na kukuuliza tena. Unakataa tena. Siku nyingine anakuita mwenyewe, anakwambia, haya, ule mtungi ulikuja na neno gani? Hapo ndipo unaposema, na hapo hawezi kukunyima. Anayeomba siku ile ile ya mtungi ameigeuza pombe yake kuwa rushwa, na amemtukana aliyeinywa. Waha wa zamani walikuwa hivyo hivyo. Lakini Pastory alilelewa Mwanza.

Alipokelewa vizuri, akawekewa kiti cha mkono. Pastory alikunywa urwarwa, pombe ile ya ndizi, akaisifu, akaisifu Pijo, akamsifu fundi. Kisha, na hili ndilo lililomkaa Manariyo moyoni siku zote zilizofuata, Pastory alishusha kikombe akamtazama usoni.

"Fundi, una shida yoyote? Maana siku hizi nasikia maneno maneno juu ya watu wa kwenu."

Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwingine yeyote angeingia. Manariyo alihisi neno limefika kwenye ulimi, akalimeza kwa adabu aliyofunzwa na shangazi, adabu nzuri, isiyo na kosa lolote ila mahali pake.

"Hapana, bosi. Nimekuja kusalimia tu."

"Kweli?"

Alifikiri kuuliza huko ndiko kule kwa pili, kwamba mambo yanakwenda yanavyotakiwa. Moyo ulimwinuka. "Kweli kabisa. Kusalimia tu."

"Basi vizuri," alisema Pastory, ametua mzigo. "Nilikuwa na wasiwasi juu yako." Akaanza kusimulia habari za mwenye Datsun.

Agnesi alipoelezwa alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

"Amekuuliza kwa mdomo wake?"

"Ameuliza, lakini..."

"Amekuuliza una shida, ukasema huna?"

"Ataniita. Mtungi ameunywa, ataniita."

"Nani atakuita? Yule hajui mtungi wala kibuyu, anajua samaki na gari. Mficha uchi hazai, Baba Inamahoro. Sisi tutafukuzwa hapa wewe ukiwa unasalimia." Alikuwa analia kwa hasira, na hasira ile ilikuwa mapenzi matupu, Manariyo alijua. Alimwahidi kwamba Jumatatu atarudi Katonga na kusema wazi wazi, liwalo na liwe. Agnesi alitaka kwenda yeye mwenyewe kesho yake. Manariyo alimsihi asimwaibishe kwa kumtangulia kwa mwanamume mwenzake, naye kwa mara moja katika maisha yao akamsikiliza.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Manariyo alikuwa shimoni, akaona viatu vingi vimezunguka gari. Alitoka, akaomba anawe mikono, akaruhusiwa. Askari waliomchukua hawakumpiga wala kumtukana. Mmoja wao alishawahi kumletea pikipiki, naye alikuwa akitazama pembeni muda wote.

Waliwekwa kwenye kiwanja cha mpira. Kulikuwa na watu wengi, wa kila aina, vizee waliokuja miaka ile ile ya sabini, wanawake walioolewa na Waha, na vijana ambao hata Kirundi chenyewe walikuwa hawakijui. Karibu yake alikaa Ciza, mwuza kahawa wa stendi, mtu wa utani, aliyekuja mwaka wa tisini na tatu. Ciza alikuwa na birika lake mkononi. Alisema amekuja nalo kwa sababu wateja wote wako hapa.

Afisa aliyekuwa mezani alionekana hajalala. "Nani anakujua hapa mjini?"

"Pastory wa Katonga."

Afisa aliinua macho. "Mwenye Pijo ile? Namjua. Aje aseme mwenyewe."

"Mke wangu amemfuata, mzee."

"Malori yakijaa yanaondoka, hayanisikilizi mimi. Lakini akija mkiwa njiani atufuate tu. Mkubwa wetu anakaa lori la mbele, amwambie yeye, utashushwa hapo hapo. Mkishaingia geti la kambi mimi simo tena, wala yeye hayumo."

Manariyo alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi. Alikaa macho yakiwa barabarani. Agnesi alikuwa amekimbia kwenda Katonga peku, mtoto amemwacha kwa bibi yake. Kila gari lililotokea kona lilimfanya Manariyo asimame. Jua lilipanda. Malori matatu yalijaa, yeye na Ciza wakaingizwa lile la mwisho, nyuma kabisa karibu na bodi ya mkia, na malori yakaondoka.

Walipita Mwandiga. Watu walisimama kando ya njia kuwatazama, wengine wakipunga mikono bila kujua wapunge kwa namna gani. Manariyo alikuwa akimhesabia Agnesi njia kichwani: sasa amefika Katonga, sasa ameambiwa Pastory yuko Ujiji, sasa amepata mtu wa kumpakia baiskeli, sasa amempata. Kumwomba mtu kichwani ni rahisi, Pastory wa kichwani alikubali kila mara.

Lami iliisha zamani, milima ya kwenda Kasulu ikaanza. Barabara ilikuwa nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine bonde. Malori yaliingiza gia nzito, yakawa yanapanda kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Ndipo aliposikia. Ilikuwa mbali chini, nyuma ya vumbi, sauti kali iliyokuwa inapanda na kushuka, na hakukuwa na gari jingine mkoa ule lenye sauti hiyo. Alisimama.

"Kaa chini," alisema askari.

"Ni wangu hao," alisema Manariyo. "Wananifuata mimi."

Askari alitazama nyuma, akamwacha asimame.

Pijo ilitokeza kwenye kona, nyeupe pe, inakuja kwa kasi. Pastory alikuwa usukani. Agnesi alikuwa pembeni yake, mwili nusu nje ya dirisha, kitenge mkononi. Alikuja. Pastory alikuja, wala hakuhitaji mtungi, alihitaji kuambiwa tu. Manariyo alilia waziwazi mbele za watu, na Ciza akampiga begani.

"Mzee, umepona," alisema Ciza. "Utanisalimia Kigoma."

Furaha ile haikufika mbali. Pijo ilifika nyuma ya lori na kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kupita, Pastory alilazimika kupunguza mwendo hadi ule wa lori. Sauti ikabadilika pale pale. Ikaanza kuruka ruka. Ikakohoa. Manariyo alilisikia jambo lile kabla halijatokea, hatua kwa hatua, kama mtu anayemwona mtoto wake akiukaribia ukingo naye yuko ng'ambo ya mto. Kamshafti ile haikuwa na kitu cha kumpa Pastory kwenye mwendo ule. Ile pole ingepanda ikiimba. Hata ya kiwandani ingepanda.

"Rudi nyuma," alisema, kwanza kwa sauti ndogo. Kisha alipaza. "Bosi, rudi nyuma. Liache lori liende mbali, halafu uje kwa mbio."

Kelele za lori zilimeza maneno. Akaanza kuonyesha kwa mikono yote miwili, akisukuma hewa, nyuma, nyuma. Pastory alimwona. Alitabasamu, akapiga honi, akampungia mkono, kisha akasogea karibu zaidi ili fundi wake asiwe na wasiwasi.

Gari likataka kuzima. Pastory alifanya ambalo dereva yeyote angefanya, akashikilia klachi katikati na kukanyaga mafuta ili injini isife. Injini ikapandisha, ikapata mwendo wake unaoupenda, klachi ikaanza kuteleza. Manariyo alipiga kelele aache. Alipiga bodi ya lori kwa ngumi. Aliwaomba wamwambie dereva asimame, na askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia ukweli, kwamba lori lililopakia watu halisimami katikati ya mlima, likisimama litarudi nao bondeni. Harufu ya klachi inayoungua iliwafikia. Moshi ukatoka chini ya Pijo, na injini ikalia kwa sauti ya juu kabisa, safi, isiyo na mkwaruzo wowote, sauti ya kazi njema, na gari likasimama. Injini ilikuwa inazunguka yenyewe tu, magurudumu hayana habari. Kisha gari likaanza kurudi nyuma taratibu mpaka Pastory akalikanyagia breki, naye akanaswa pale pale, maana akiinua mguu lingeshuka bondeni.

Mlango wa upande wa Agnesi ulifunguka. Alikuja mbio. Alikuwa bado peku, kitenge amekifunga kiunoni, na kwa kuwa lori lilikuwa linakwenda polepole alilikaribia, akafika mahali ambapo Manariyo aliweza kuuona uso wake wote, vumbi na jasho. Manariyo alijitupa mbele kwenye bodi ya mkia, akanyoosha mkono. Hawakufikiana.

"Baba Inamahoro," aliita, pumzi zikikatika, "gari limekuwaje? Pastory anasema nikuulize wewe. Nimwambie afanye nini?"

Manariyo alijua kila kitu. Alijua klachi imekwisha, kwamba ni kazi ya kushusha giaboksi, na kwamba hata klachi ingekuwa mpya injini ile isingepanda nyuma ya lori mlima huu wala mwingine. Alijua ni nani aliyeifunga na kwa nini. Alimtazama mkewe akikimbia, miguu inatoka damu, akaona kwamba hana hata chombo kimoja mkononi wala neno moja la kufaa. Basi akampa lile neno ambalo mafundi humpa mtu wakati hawana lingine.

"Mwambie asubiri lipoe," alisema. "Likipoa litaenda."

Agnesi alimwamini. Katika mambo ya gari hakuwahi kumwona akikosea. Aliitikia kwa kichwa, akaacha kukimbia, akageuka, akaanza kushuka mlima haraka haraka kwenda kumwambia Pastory, na lori likaingia kona.